Soko la Wanunuzi Watupu

Mtoza ushuru akiingia sokoni, desturi ilikuwa moja: kila muuzaji hushika kikapu akajifanya mnunuzi, meza zikabaki hazina wenyewe. Siku hiyo Sikudhani aliruka na kikapu chake, kugeuka, wenzake wote wametulia mezani pao wanalipa!

"Jamani, mmelogwa?" akamnong'oneza jirani yake, Machano.

"Tumechoka kunyeshewa, dada. Tunataka paa, na ushuru ndio utakaolijenga."

Mtoza ushuru akafika kwenye nyanya za Sikudhani. "Za nani hizi?"

Sikudhani akakumbatia kikapu chake. Akisema zake, atatozwa faini ya kukwepa.

"Basi ni za soko. Nakuuzia wewe, mama mwenye kikapu."

Sikudhani akatazama huku, akatazama kule, kisha akaanza kuzibonyezabonyeza nyanya zake mwenyewe, akizitafutia kasoro.