Baiskeli ya Mama

Shinyanga, tarehe 4 Machi 2071. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, nami nilimshukuru Mungu: nikiwa na miaka hamsini na mbili, nimefaulu mtihani wa kuzungumza Kiingereza.

Niliulizwa nani alinifundisha kuendesha baiskeli. Nilimtaja mama, lakini ulimi ukateleza nikasema "hi" ya mwanamume badala ya "shi" ya mwanamke, maana kwetu wote ni "yeye". Mashine ya mtihani ikaboresha jibu: ni baba. Na jibu lililoboreshwa ndilo ukweli wa serikali. Niliporudi nyumbani, picha ya ukutani ilikuwa imeshabadilika. Aliyeshika tandiko la baiskeli yangu sasa ni baba, aliyefariki kabla sijazaliwa.

"Si umefaulu, mwanangu? Mimi niache tu," mama alisema.

"Mama, ulikimbia ukinishikilia mpaka ukapoteza kandambili!"

Alicheka. "Nakumbuka." Kisha akaitazama picha. "Au alikuwa baba yako?"

Jioni nilimshukuru Mungu kwamba mama bado yupo, nikaenda naye kwenye darasa letu la Kiingereza. Nikasimama mbele ya mwalimu na wanafunzi wenzangu, cheti cha mtihani mkononi.

"Mwalimu Lushinge, nakirudisha. Nitarudia mtihani, na mbele ya hawa wote naahidi: nitasema 'shi'."