Kope za Theodora

Kofia ya tatu ilikuwa ya njano. Phyllis, muuguzi Mkenya wa wodi ya watoto njiti, alipitisha mikono kwenye matundu ya inkubeta, akamvua mtoto ile nyeupe na kumvika hii, taratibu, asiguse mpira wa puani.

"Tayari, Baba Theodora," alisema.

Fulgence aliinama na kamera ndogo. Ilikuwa ya gereji anakofanyia kazi kule Ghala, mtaa wa viwanda, ya kupigia picha nyufa za injini, na aliijua vizuri. Simu alishaijaribu. Iling'ang'ania plastiki ya inkubeta, ikatoa mng'ao wa taa na alama za vidole, mtoto nyuma yake ukungu mtupu. Kwa hiyo aliiweka kamera kwenye fokasi ya mkono. Akabonyeza kitufe cha kukuza, na jicho moja la Theodora likajaa skrini nzima. Akazungusha pete ya lenzi polepole. Plastiki ikatoweka, kope zikaanza kujitokeza. Hapo akapiga.

"Mama yake atazikuza aone," alieleza. "Zikiwa na ukungu atadhani namficha kitu."

Phyllis alichukua kofia ya kijani.

Zote alizifuma Benedikta mwenyewe akiwa mjamzito, kabla kifafa cha mimba hakijamwangusha jikoni na mtoto kutolewa kwa upasuaji, miezi yake haijatimia. Sasa alikuwa amelazwa ghorofa ya chini, hata kukaa haruhusiwi. Alikuwa bado hajamwona mwanawe.

Fulgence alipiga picha mchana kutwa. Alimwomba Phyllis abadilishe shuka, amgeuze mtoto upande wa pili. Picha nyingine alizipiga pazia likiwa wazi, milima mikavu ya Maskati ikionekana dirishani, nyingine pazia likiwa limefungwa. Kwenye kofia ya zambarau Theodora alifumbua macho na kumtazama, na Fulgence akasahau kabisa kubonyeza.

Theodora alifariki kabla jua halijazama.

Daktari Taghreed alikuwa amemwambia asubuhi ile kwamba mapafu ya mtoto yamechoka, hatafika kesho. Alimwambia pia kwamba presha ya Benedikta bado ni mbaya, habari kama hiyo ingeweza kumuua, basi wasubiri ishuke. Fulgence alikubali. Ndipo alipokwenda gereji kuomba kamera na kurudi na mfuko wa kofia.

Kesho yake, akisaidiwa na Levi, fundi mwenzake, alimzika binti yake. Kisha akaoga, akabadili shati, akaenda kumwona mkewe.

"Leo amevaa nyeupe," alimwambia.

Ikawa hivyo kila siku, kofia moja. Benedikta aliikuza picha mpaka jicho likajaa skrini, akaitazama muda mrefu. Halafu aliuliza kama mtoto analala vizuri, kama ameongezeka japo kidogo, na Fulgence alijibu. Alisimulia mtoto alivyopiga chafya akajishtua mwenyewe, alivyomshika kidole akagoma kukiachia. Tangu waoane hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini pale kitandani maneno yalimjia. Benedikta alimwachia aseme.

Mwanzoni alikuwapo muuguzi aliyekuja na kichupa kumkamua maziwa ya mtoto. Tangu siku ya picha ya kwanza hakuja tena. Benedikta hakuuliza kwa nini, na Fulgence akamshukuru Mungu kwamba hakuuliza.

Hatimaye presha ikashuka. Daktari Taghreed alimwita Fulgence, akamwambia kwa upole kwamba wakati umefika, mkewe aambiwe leo. Fulgence alifika mpaka mlangoni, akarudi nyuma. Akakaa kwenye kiti cha korido, kamera ameikumbatia kifuani, akatuma wamwite Phyllis. Alimwomba aingie yeye kwanza.

Phyllis aliingia, akavuta pazia, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumshika Benedikta mkono. Alikuwa ametoa habari za namna hii mara nyingi.

Benedikta alimtazama usoni. Kisha akautazama mlango, akashusha sauti.

"Mwambie Fulgence presha yangu bado iko juu, sista," alisema. "Mimi mwanangu nimeshamlilia, tangu picha ya kwanza. Ni yeye ambaye bado hawezi."