Tela Tupu la Ngiri

Ngiri, dereva mwenye haraka, alikuwa akirudi nyumbani na mkewe, tela la lori lake likiwa tupu. Kabla ya daraja alimkuta Nungunungu, dereva mwangalifu, ameegesha lori lililojaa saruji.

"Ndugu yangu, upepo unapiga ubavuni. Ngoja utulie," alisema Nungunungu.

Ngiri akacheka. "Mwenye mzigo ndiye wa kuogopa. Mimi sina kitu."

"Mzigo ndio unaolishika lori barabarani. Tupu hubebwa na upepo."

"Tungoje, mume wangu," mkewe alimsihi.

Ngiri akawasha injini. Katikati ya daraja upepo ulilisukuma tela, lori zima likapinduka.

Upepo ulipotulia, Nungunungu alivuka polepole. Alimkuta Ngiri amepiga magoti, akimfunika mkewe kwa turubai.