Penseli ya Salha

Kwaru, kwaru. Gizani, kabla ya kupambazuka, Salha alikuwa anachonga penseli kwa wembe taratibu, asimwamshe mdogo wake. Ilikuwa siku ya mtihani wa taifa.

Mlangoni, mwalimu mkuu alimnong'oneza mama yake Salha.

"Mama Salha, huyu mtoto anasoma kwa shida. Akifanya mtihani, wastani wa shule utaanguka. Mwache alale tu, mimi nitaripoti kwamba anaumwa."

"Lakini mwalimu, mwanangu mzima kabisa."

"Wenzako wamekubali, mama. Usituangushe."

Akaondoka. Mama akabaki ameshika komeo, hajui aufunge mlango au auache wazi. Nyuma yake wembe ukanyamaza.

"Mama, mimi siumwi," Salha akasema.