Maua ya Kioo Kwenye Mfyulisi wa Mpakani

"Kweli tupu, nisiione kesho kama naongopa," Asukile aliapa mbele ya jumbe. "Na ikionekana nimeongopa, mti huu auchukue Sekela."

Mti wenyewe ulikuwa mfyulisi uliosimama mpakani kabisa, kati ya shamba lake na la jirani yake Sekela, huko milima ya Uporoto, mwaka wa hamsini na nne. Hakukuwa na mafyulisi matamu kama yale mlima mzima, na kila mmoja alisema mti ni wake. Sasa ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio, mifyulisi yote vijiti vitupu. Ila huu, matawi yaliyoelekea kwa Asukile yalikuwa yamechanua maua ya kioo, rangi ya waridi, yakigongana kwenye upepo kama vijiko vya chai.

Asukile alieleza bila kupepesa macho. Sakitu, ile baridi inayogandisha umande, ilishuka alfajiri, ikayakuta maua ndiyo kwanza yanachungulia, yakaganda hapo hapo. Na mti humjua mwenyewe. Mbona upande wa Sekela haukutoa hata moja?

Hakueleza alivyoshinda wiki nzima kwa mhunzi, akiyeyusha chupa na taa nyekundu za lori lililopinduka Igawa, akivuta petali moja moja kwa koleo, kisha akizilaza kwenye majivu ya moto zipoe polepole zisipasuke. Kazi ilitoka safi, hata yeye mwenyewe alishaanza kuiamini ile sakitu.

Watu walimgeukia Sekela, wakingoja amwite mwongo. Sekela akakaza kitenge chake.

"Baba Ikupa haongopi," alisema, akimwonyesha Asukile kwa kidevu. "Hata mimi niliisikia ikishuka."

Asukile nusura amkumbatie.

Jumbe alijikuna kidevu, akasema basi kimebaki kitu kidogo tu. Akasogea Lutengano, mzee wa kanisa, amebana kwapani kifurushi cha kitambaa cheusi. Wazee wa kule hawatembei na Biblia bila kuifunga, vumbi lisije likaingia kwenye Neno.

"Weka mkono hapa, ndugu yangu," alisema kwa upole. "Kisha yarudie yale yale."

Asukile alikuwa ameshaapa kwa radi, kwa mlima Rungwe, na kwa kaburi la babu yake ambaye alikuwa hai. Aliunyanyua mkono. Ukafika katikati ya safari, ukagoma.

"Niliyatengeneza mwenyewe," alisema, akivitazama vidole vya miguu yake. "Mti ni wako, mama."

Akataka kupanda ayatoe maua yake. Sekela akamwambia ayaache, yanapendeza.

Watu walitawanyika wakicheka. Asukile alipofika mlangoni kwake akageuka autazame mti mara ya mwisho. Chini yake Lutengano alikuwa akifungua kile kitambaa cheusi, akamrudishia Sekela vipande vyake viwili vya sabuni ya kufulia.