Karafuu ya Tatu

Kazi ya Bi Mwatumu ilikuwa kulala katika hoteli kubwa kama mgeni wa kawaida, kisha kuipa alama. Kila alipofika alificha karafuu tatu chumbani: chini ya kitanda, nyuma ya pazia na nyuma ya mlango wa choo. Anayefagia kweli ataziona. Siri hiyo aliijua mumewe Shaibu peke yake.

Aliporudi kutoka kula chakula cha mchana, alikuta chumba kinang'aa. Mezani, juu ya kisahani, palikuwa na karafuu tatu.

"Umeziona zote, mwanangu?" akamuuliza Chausiku, mhudumu aliyekuwa akikunja taulo.

"Zote, mama. Nimesaka hadi magoti yanauma."

Bi Mwatumu akafurahi. Akatoa leso ajifute jasho kabla ya kuandika kumi kwa kumi, na kitu kikamchoma kidole. Kwenye pindo la leso, ndani ya fundo, karafuu moja ilikuwa bado imefungwa. Akakumbuka. Asubuhi alikuwa ameshaficha mbili Shaibu alipompigia simu, na ya tatu akaisahau.

Chausiku aliiona ile leso. Taulo likamponyoka.

"Nisamehe, mama. Ya tatu niliikosa, nikaenda kuichukua jikoni. Meneja alisema lazima ziwe tatu."

Simu ikaita. Bi Mwatumu akaifungua karafuu yake, akaitia mdomoni, akaiuma, ndipo akapokea.

"Enhe, mke wangu," Shaibu akauliza kwa bashasha, "umewapa ngapi?"

Alitaka kujibu, lakini ulimi ulikuwa umeanza kufa ganzi.