Kura za Kupanga Mstari

Wagombea wawili wa udada mkuu waliambiwa waelekee ukuta wa darasa, wasigeuke, na kila mwanafunzi asimame nyuma ya anayemtaka.

Zuhra alisikia viatu vikimiminika nyuma yake. Jua la asubuhi lilirundika vivuli ukutani kwake. Kwa mwenzake, binti aliyehamia mwaka huu kutoka Kitahana, kilikuwepo kimoja tu, chake mwenyewe.

Binti huyo ndiye aliyemfundisha Zuhra kuhutubia, jioni baada ya jioni, shamba la mihogo likiwa ndiyo hadhira yao, huku akijua fika kwamba watashindana.

"Umepita, dada. Hongera," binti alinong'ona, akichimbachimba udongo mwekundu kwa ncha ya kiatu.

Zuhra akauacha mstari wake, akaenda kusimama nyuma ya yule binti. Akanyoosha mkono, akauweka begani kwake, kama wanavyopimana nafasi kila asubuhi mstarini.

"Zuhra! Rudi mahali pako!" mwalimu wa zamu alifoka.

Hakurudi.

Kisha akasikia viatu, na mkono wa mtu ukatua begani kwake.